Simu nayo imechemsha

Mtu aliyewahi kusafiri kwa barabara kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa hahitaji kuelezwa maana ya neno "kuchemsha". Lori likitoka Ruaha Mbuyuni na kuukwea mlima Kitonga na shehena yake, kona baada ya kona kwa gia nzito, mara nyingi hufika juu injini ikiwa hoi. Dereva huegesha pembeni, utingo hushuka na dumu la maji, na kila mwenye akili timamu hukaa mbali na kifuniko cha rejeta mpaka mvuke utulie. Sisi wa Ilula, mji ulio kilomita zipatazo 45 kabla ya kufika Iringa mjini, tumeyazoea mambo hayo. Kwetu gari kuchemsha si habari.

Habari ni kwamba siku hizi simu nazo zinachemsha, na sasa zimeletewa rejeta yake.

Majuzi hapa stendi ya Ilula, katika kibanda kimoja cha kuuza chaja, kava na vioo vya simu, nilikiona kifaa hicho kwa macho yangu. Ni kidude cheusi kinachoenea kiganjani, chenye makucha mawili ya springi yanayoibana simu kutoka kushoto na kulia. Upande unaogusa mgongo wa simu una bamba la chuma. Upande wa nje una feni ndogo na taa za rangi rangi, na ubavuni mna tundu la waya wa umeme. Kijana wa kibanda alikichomeka kwenye pawabenki, akaniambia niweke kidole juu ya lile bamba. Hazikupita sekunde nyingi likawa baridi kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji.

"Hii ndiyo dawa, mzee wangu," aliniambia. "Ukiibana hii, unacheza Free Fire mpaka usiku na simu haistaki."

Nilimwuliza baridi ile inatoka wapi. Akanijibu kwamba inatoka kwenye feni. Hapo ndipo makala ya leo inapoanzia, maana jibu hilo haliwezi kuwa sahihi. Feni haina baridi ya kumpa mtu. Feni husukuma hewa ile ile iliyomo chumbani, yenye joto lile lile. Inaweza kukipoza kitu cha moto mpaka kikaribie joto la hewa, lakini haiwezi kukishusha kitu kikavu chini ya hapo. Na lile bamba lilikuwa baridi kuliko hewa ya kibandani, tena kwa mbali. Basi kama si feni, ni nini?

Ili kulijibu swali hili yatupasa tukubaliane kwanza juu ya jambo moja. Baridi si kitu kinachotengenezwa. Kilichopo duniani ni joto, na kitu kinapoitwa cha baridi maana yake ni kwamba joto lake limeondolewa likapelekwa mahali pengine. Kwa lugha ya barabara yetu, joto ni mzigo. Huwezi kuufuta mzigo. Unaweza tu kuupakia hapa na kuushusha pale, na kila mzigo unaosafirishwa una nauli yake.

Mama zetu waliisafirisha shehena hiyo kwa mtungi. Maji ya mtungini hupenya polepole katika vitundu vidogo vya udongo, yakafika ngozi ya nje, yakakauka. Yanapogeuka mvuke huondoka na joto, na joto hilo hutoka kwenye mtungi na maji yaliyobaki ndani. Nauli hapo ni maji kidogo yanayopotea. Jasho la mwili wa binadamu hufanya kazi hiyo hiyo. Madereva wa zamani nao waliitambua siri hii, wakawa wanatundika mfuko wa turubai wenye maji mbele ya gari. Upepo wa safari ukaukausha unyevunyevu wa nje, na maji ya kunywa yakabaki baridi katikati ya jua kali.

Sasa tuje kwenye mashine. Ni sadfa ya kupendeza katika historia kwamba njia mbili za kisasa za kusafirisha joto zilianza katika mwaka mmoja, 1834.

Njia ya kwanza ilianzia London. Huko Mmarekani mmoja aitwaye Jacob Perkins alipata hataza ya mashine iliyoukausha umajimaji unaoruka upesi, kisha ikaukamata mvuke wake, ikaukandamiza mpaka ukawa maji tena, na kuurudisha kazini. Ukitazama vizuri utaona kwamba huo ni mtungi, ila ni mtungi usiopoteza maji yake. Njia hii ndiyo iliyozaa majokofu ya viwanda vya barafu, friji za majumbani na mashine za kupoza hewa maofisini. Ule mngurumo unaosikia nyuma ya friji ni kompresa inayoulipia mzigo nauli yake.

Njia ya pili ilianzia Ufaransa. Jean Charles Peltier alikuwa fundi saa aliyeuacha ufundi huo baada ya kupata urithi, akajitia katika majaribio ya sayansi. Mwaka huo wa 1834 aligundua kwamba ukiunganisha metali mbili tofauti na kupitisha umeme, kiungo kimoja hupata moto na kiungo kingine hupoa. Hakuna maji, hakuna mvuke wala kitu kinachozunguka. Umeme wenyewe ndio unaopakia joto upande mmoja na kulishusha upande wa pili.

Wapo waliolichukulia jambo hilo kama mchezo wa maabara. Lakini mwaka 1838 huko St. Petersburg, mwanafizikia Heinrich Lenz aliweka tone la maji mahali ambapo kipande cha bismuthi kinakutana na kipande cha antimoni, akapitisha umeme. Tone likaganda likawa barafu. Akaugeuza umeme uende upande wa pili. Barafu ikayeyuka. Jaribio hilo lilionyesha waziwazi kwamba hapa hakuna baridi iliyoumbwa. Ni joto tu lililoamriwa kwenda na kurudi.

Msomaji utauliza, kama jambo lilikuwa wazi hivyo tangu 1838, mbona friji zetu hazikutengenezwa kwa njia ya Peltier? Sababu ni moja na ni rahisi kuielewa. Metali zinazopitisha umeme vizuri hupitisha joto vizuri pia. Kwa hiyo joto lililohamishwa kwenda upande wa pili lilikuwa linarudi kinyemela kupitia metali ile ile. Ni sawa na kuteka maji kisimani kwa ndoo iliyotoboka. Perkins na waliomfuata wakashinda, na ugunduzi wa fundi saa ukalala kwa zaidi ya miaka mia moja.

Waliouamsha walikuwa wataalamu wa madini yanayopitisha umeme nusu nusu, yale yale yaliyozaa transista za redio. Katika nchi ya Kisovieti alikuwapo Abram Ioffe wa Leningrad. Uingereza, mwaka 1954, Goldsmid na Douglas walionyesha kwamba mchanganyiko wa bismuthi na teluri unapitisha umeme vya kutosha huku ukizuia joto lisirudi kwa wingi. Ndoo ikazibwa, ingawa si yote.

Hapa naomba uniruhusu nichepuke hatua moja, maana mkate wangu ni redio. Njia ya Peltier ina pacha wake, aliyegunduliwa mapema zaidi na Thomas Johann Seebeck mwaka 1821: kiungo kimoja kikiwa moto na kingine baridi, umeme huzaliwa wenyewe. Wasovieti walilitumia jambo hilo kutengeneza kifaa cha kuvishwa juu ya taa ya mafuta ya taa. Joto la utambi, ambalo kila nyumba ililiacha lipotee hewani, likawa linatoa umeme wa kuendesha redio. Katika miaka ya 1950 vijiji visivyo na umeme viliweza kusikiliza habari kwa taa iliyokuwa inawaka mezani hata hivyo. Kwa hakika huo ulikuwa ustadi wa kutopoteza kitu.

Turudi kwenye simu. Ndani ya kile kifaa cha stendi, kati ya bamba la chuma na feni, mna kigae chembamba cheupe, kidogo kuliko kiberiti. Humo mmepangwa vijiti vidogo vya mchanganyiko ule wa bismuthi na teluri, mamia kwa makumi, vimebanwa kati ya vipande viwili vya kauri. Hicho ndicho kigae cha Peltier. Umeme ukipita, uso mmoja hunyonya joto la simu na uso wa pili hulitema. Na ile feni? Kazi yake ni kulifukuza joto lililotemwa, kupitia mapezi ya alumini, lisije likarudi. Kwa hiyo feni si mleta baridi. Feni ni kuli anayeshusha mzigo mwisho wa safari. Ukitaka kuhakikisha, weka mkono wako nyuma ya kifaa kinapofanya kazi: upepo unaotoka ni wa moto.

Historia ya kifaa hiki kwenye simu ni fupi. Mwaka 2017 kampuni ya Razer ilitoa simu iliyolengwa wazi kwa wacheza gemu. Mwaka 2018 kampuni ya Asus ikatoa ROG Phone, ikiwa na feni ya kubandika mgongoni. Hiyo ilikuwa feni tu. Mwaka 2019 simu ya Red Magic 3 ikaja na feni iliyofungiwa ndani kabisa. Na mwaka 2022 ROG Phone 6 ikaletwa pamoja na kipoza cha kubana chenye kigae cha Peltier. Kampuni nyingine nyingi zimetengeneza vipoza kama hivyo vya kubana simu yoyote, na ndivyo vilivyofika mpaka kwenye vibanda vya stendi zetu.

Je, vinafanya kazi? Haki ya kifaa lazima isemwe: vinafanya. Simu inayocheza gemu kubwa hugeuza karibu umeme wote inaoutumia kuwa joto, na haina rejeta wala feni. Joto likizidi, simu hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Hapo ndipo picha inapoanza kukatakata, na ndiyo hali ambayo vijana wanaiita kustaki. Ukiliondoa joto mgongoni, simu huendelea na kasi yake. Aidha, betri za simu hazipendi joto, na betri inayoishi motoni huzeeka mapema.

Lakini nauli yake nayo isemwe. Kipoza kinachotumia wati 10, kama kingelishwa na betri ya simu yenye ukubwa wa kawaida wa mAh 5,000, kingeimaliza katika muda usiofika saa mbili, hata kama simu yenyewe isingefanya kazi yoyote. Ndiyo maana hutaka waya wa pembeni. Na joto linalotoka nyuma yake ni la simu pamoja na la kipoza chenyewe. Chumba hakipoi hata kidogo. Chumba kinaongezewa moto.

Kuna na hatari ambayo boksi halikuiandika. Chupa ya soda ikitoka kwenye friji hutoka jasho, kwa kuwa mvuke uliomo hewani huganda maji juu ya kitu cha baridi. Katika hewa ya Dar es Salaam yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75, kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 25 hivi kitatoka jasho. Bamba la kipoza hushuka chini ya hapo bila taabu. Jasho hilo likipenya ndani ya simu, dawa inageuka ugonjwa. Kwetu Ilula wakati wa kiangazi hewa ni kavu na hatari ni ndogo. Pwani mtu na awe macho. Na yule ambaye simu yake hupata moto kwa sababu imefungwa kwenye usukani wa bodaboda juani, au inachajiwa huku inachezewa ndani ya kava nene, hana haja ya Peltier. Kivuli ni bure, na kuvua kava ni bure.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu mkoa wetu una historia yake katika habari za kupoza, tena historia ambayo dunia inaijua kuliko sisi wenyewe. Mwaka 1963 mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, kule Lushoto, Erasto Mpemba, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Desturi ilikuwa kuchemsha maziwa, kuyaacha yapoe, ndipo kuyaweka kwenye friji. Nafasi ilikuwa inakwisha, yeye akayaweka yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza, mwalimu akamwambia amechanganyikiwa.

Mpemba hakuliacha. Baadaye alikutana na rafiki yake mjini Tanga aliyekuwa akiuza aiskrimu, akamwambia kwamba yeye huweka mchanganyiko wa moto makusudi ili ugande upesi. Alipokuja kuendelea na masomo hapa Iringa, katika shule ya Mkwawa, aliliuliza tena swali lake darasani, akageuzwa kichekesho. Ndipo siku moja Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipokuja Mkwawa kutoa mhadhara. Mpemba akasimama akauliza. Wenzake waliona ni aibu. Mgeni hakucheka, alirudi Dar es Salaam, akaagiza jaribio lifanywe, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha taarifa yao katika jarida la Physics Education la Uingereza. Jambo lenyewe lilikuwa limetajwa kale na Aristotle, na baadaye na Bacon na Descartes, lakini leo vitabu vya fizikia duniani huliita kwa jina la Mpemba.

Ubishi haujesha. Mwaka 2016 Burridge na Linden walichapisha majaribio yao wakisema hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba maji ya moto hupoa upesi kuliko ya baridi. Mwaka 2020 Kumar na Bechhoefer walionyesha tabia kama hiyo katika chembe ndogo sana zilizo majini. Swali la kijana wa Magamba na Mkwawa bado linawapa kazi maprofesa. Na Mkwawa yenyewe tangu 2005 ni chuo kishiriki cha elimu cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani inawafundisha walimu. Ni matumaini yangu kwamba wanafundishwa pia namna ya kulipokea swali.

Kwa nini nasema haya Ilula? Kwa sababu hapa petu mzigo mkubwa wa joto haumo kwenye simu. Umo kwenye matenga ya nyanya. Msimu ukifika, nyanya hujaa kando ya barabara kuu zikisubiri gari la Dar es Salaam, na kila saa ya jua inakula bei ya mkulima. Nyanya iliyoiva haina subira. Mnunuzi analijua hilo, na mkulima anajua kwamba mnunuzi anajua.

Mwanangu mmoja aliniuliza, kama kidude kidogo kinapoza simu, kwa nini tusivipange vingi tupoze nyanya? Tulikaa tukapiga hesabu. Ukitaka kushusha tani moja ya nyanya kutoka nyuzi 28 hadi nyuzi 13, unapaswa kuondoa joto lenye ukubwa wa yuniti za umeme 16 na zaidi. Kipoza kinachohamisha wati 10 za joto kingeifanya kazi hiyo kwa siku zipatazo 70, tena kama jua lisingeongeza kitu. Nyanya zingekuwa zimeoza, zimeota na zimezaa nyingine. Njia ya Peltier inafaa kwa mzigo mdogo mahali padogo: simu, kisanduku cha safari, vyombo vya maabara. Kwa mzigo wa tani, bado Perkins na kompresa yake ndiye bwana.

Lakini kompresa inataka jengo, umeme na mtaji. Katikati ya hapo iko njia ya mtungi, ambayo hatujaimaliza. Kaskazini mwa Nijeria, mwalimu Mohammed Bah Abba alichukua vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, akajaza mchanga uliolowa katikati na kufunika kwa kitambaa kibichi. Ilielezwa kwamba nyanya na pilipili zilikaa wiki tatu bila kuoza, na mwaka 2000 alipewa tuzo ya Rolex kwa kazi hiyo. Njia hii hutaka hewa kavu, na hewa kavu ya kiangazi tunayo. Haiokoi lori zima la nyanya. Inaweza kumwokolea mama wa gengeni matenga mawili, au kumpa mkulima mdogo siku tatu za kukataa bei mbaya. Asiyeona thamani ya siku tatu hajawahi kuuza nyanya.

Basi kijana mwenye fedha yake na anayependa gemu yake anunue kipoza. Sina ugomvi naye, na kifaa si cha utapeli. Ninachomwomba ni kwamba kabla hajafungua pochi, kwa kipoza cha simu, friji, au mashine yoyote itakayoletwa hapa kwetu ikisifiwa kwa baridi yake, aulize maswali matatu: joto linatolewa wapi, linashushwa wapi, na nani analipa nauli. Muuzaji akishindwa kujibu, ajaribu kujibu mwenyewe. Na mwanafunzi akiuliza jambo ambalo mwalimu hana jibu lake, mwalimu na afanye kama yule mgeni wa Mkwawa: awashe friji, apime.

Tukutane wiki ijayo, majaliwa.